Vyote Vilitoka Mtoni

Juma lililopita jirani yangu hapa Nakuru aliita fundi amchimbie shimo la choo. Nilikuwa jikoni nikikatakata sukuma wiki, sina habari na mtu, mara nikasikia mtaimbo umegonga jiwe. Ni mlio mfupi, mzito, unaopanda kupitia miguuni kabla haujafika masikioni. Fundi alinung'unika kidogo, akaendelea na kazi yake. Mimi niliweka kisu chini, nikatoka na aproni yangu hivyo hivyo, nikaenda kuchungulia shimo la watu. "Umepata nini?" nikamwuliza. Akanitazama kutoka kule chini, akaona mama mzima amepiga magoti kwenye udongo, akasema kwa upole, "Ni mawe tu, mathe." Nikarudi ndani, na siku hiyo watu wangu walikula wakiwa wamechelewa.

Si mara ya kwanza. Watu wa nyumbani kwangu wameshanizoea. Lakini wewe hatujuani, kwa hivyo acha nikueleze ugonjwa huu niliupata wapi.

Nilizaliwa upande wa Konoin, si mbali na Mogogosiek, mahali ambapo mtu akiamka asubuhi anaona kijani mpaka macho yachoke. Ng'ambo ya bonde ilikuwa chai ya kampuni, imekatwa sawasawa, haina hata bua moja la mahindi katikati. Upande huu ilikuwa chai yetu sisi wadogo wadogo, imebanana na mahindi, migomba, na ng'ombe aliyefungwa kamba asile chai ya jirani. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la nne. Mwaka huo Baba aliamua kuongeza chai. Aling'oa mabua ya mahindi sehemu ya juu ya shamba, akaleta miche, akavuta kamba ya mkonge kutoka mwanzo hadi mwisho ili mistari isipinde, na likizo ya Aprili sote tukaingia kazini.

Baba na Mama walichimba. Mimi nilibeba miche kwenye kikapu na kuweka mmoja kando ya kila shimo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu unanata miguuni mpaka unahisi umevaa viatu vya mtu mwingine. Hewa ilinuka minyoo na majani yaliyooza, harufu ambayo mimi huipenda na watoto wangu huniona wa ajabu. Baba alikuwa na hasira zake za kawaida, kwa sababu sehemu ile ya shamba ilikuwa na vigae vya chupa nyeusi, vikali, vilivyomkata kidole mwaka uliotangulia. Alikuwa na hakika ni vya jirani yetu arap Mosonik, ambaye akipata bonasi ya chai hununua bia na kupita njia ya juu akiimba. Kila Baba alipookota kigae alikitupa kwenye rundo kando ya ua, akilitaja jina la arap Mosonik kwa sauti ya mtu anayehesabu makosa.

Ndipo jembe lake likagonga.

Alidhani ni mwamba. Akauzunguka kwa jembe, akainama, akavuta, na kilichotoka kilikuwa jiwe la mviringo lenye shimo katikati, limejaa udongo. Mama aliingiza vidole akachokora, udongo ukatoka bonge zima kama ugali unavyotoka kwenye sufuria, tukabaki tunatazamana. Lilikuwa bakuli. Bakuli la jiwe la kijivu, lenye vitundu vidogo vidogo, ukubwa wa ugali wa watu wawili. Ukingo wake ulikuwa laini, na upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Mtu alikuwa amekaa chini akalisugua kwa mikono yake, akachoka, akapumzika, akaendelea. Hilo niliweza kuliona hata mimi.

Tulimwita Kogo. Kogo ni nyanya, mama mzaa baba. Alikuja na fimbo yake, akalitazama lile bakuli kwa muda bila kuligusa, akasema, "Ni ya Sirikwa."

Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwake mara nyingi, kwa sababu nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja katika nyumba yake ndogo nyuma ya yetu, na Kogo alikuwa mtu wa hadithi. Sirikwa, alisema, ndio waliokuwa hapa kabla yetu. Walikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu ajabu. Kisha wakaondoka, wakaelekea kusini, wakapotea. Lakini kusikia hadithi ukiwa chini ya blanketi ni jambo moja, na kushika sahani ya mwenye hadithi ni jambo lingine. Nilianza kuuliza pale pale. Walikuwa na watoto? Walikula nini? Kwa nini waliacha bakuli zuri hivi? Nani aliwaambia waondoke? Kogo alijibu mawili matatu, kisha akashika fimbo yake akaondoka. Mama akasema, "Huyu mtoto atauliza mpaka Mungu atafute kiti."

Kwetu kitu hakikai bure. Jioni ile ile bakuli lilipewa kazi ya kuwekea ndama chumvi. Lakini kabla ndama hajalianza, nililiosha kwa siri na kulia mahindi ya kuchoma ndani yake, nikitaka kujua kama chakula hubadilika kikiliwa kwenye chombo cha Sirikwa. Sikuona tofauti yoyote. Hata hivyo nilikula taratibu sana, nikiwa nimefumba macho, nikijaribu kuwa mtoto wa kwao.

Majuma machache baadaye, kanisani, mzee wa kanisa alitoa tangazo. Kuna Madam kutoka makumbusho, akasema, atakuwa akija kila Alhamisi kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Mtu yeyote aliyechimbua kitu cha zamani akipeleke. "Msiogope," akaongeza, "hachukui. Anaandika tu, halafu anakurudishia."

Maskini mzee yule alidhani anawatuliza watu. Niliona akina mama wakitazamana. Nyumbani, Kogo alikuwa wa kwanza kusema. "Afadhali angechukua," alisema. "Mwizi anachukua kimoja. Mwenye kuandika anachukua mpaka mlima."

Nilikuwa nimewahi kumsikia akitaja watu waliokuja na mnyororo, wakapima ardhi, wakaandika. Alikuwa akisema hivyo tu, "walikuja na mnyororo wakaandika", kama mtu anavyosema kulikuwa na jua. Mimi niliiweka habari hiyo pamoja na zile za sungura na fisi, za zamani sana, wakati wanyama wakiongea.

Lakini Baba aliielewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtaa mzima ulikuwa na ung'ongo wake. Miaka ile watu hawakuulizana habari za mashamba hivi hivi. Kulikuwa kumekuwa na fujo za makabila huku na huku, nyumba zilikuwa zimechomwa, na huyo Madam mwenyewe, watu walikuwa wameshapeleleza, alitoka ng'ambo ya Sotik, kwa Wakisii. Sasa mgeni aje akuulize, "Ulichimba wapi hasa, kwenye shamba lako?" na aandike kwenye karatasi ya serikali kwamba shamba hili lilikuwa la watu wengine kabla yako! Baba alilipa jambo hilo uzito wake. Lile shamba ndilo lilikuwa karo yetu, dawa yetu, na kaburi la babu.

"Basi tusiende," Mama akasema.

Hapo nililia. Sikulia kwa heshima. Nililia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu tangu siku ile jembe lilipogonga sikuwa nikiwaza kitu kingine, na sasa Mungu ameleta mtu mwenye majibu mpaka kwenye kituo cha chai, nami naambiwa tusiende. Baba alinivumilia, akajikuna kichwa, na ukweli ni kwamba naye alitaka kujua. Akapata njia. "Tutaenda," akasema. "Lakini tutasema tuliipata mtoni. Mto hauna title deed ya mtu."

Kogo alifikiri juu ya mto. Akakubali.

Alhamisi ile ukungu ulikuwa umekaa chini, kituo kinanuka majani mabichi na moshi wa gari la kiwanda. Watu walikuwa na magunia yao ya chai mgongoni na vitu vyao vya zamani mikononi, wamevificha ndani ya sweta na magazeti. Madam Kerubo alikuwa amekaa nyuma ya meza ya karani. Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, mwenye sauti ya chini na penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Alisafisha kila kitu kwa brashi ndogo, akakipima, akakipiga picha kando ya kijiti chenye rangi nyeusi na nyeupe, akakichora. Halafu akauliza. Mimi nilijipenyeza mpaka mbele kabisa, nikasikia yote.

"Mama, hiki kigae cha chungu ulikipata wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Huu wetu."

"Upande gani wa mto?"

"Pale kwa maji."

Madam akaandika. Akaja mwingine na jiwe la kusagia ambalo watu wawili walikuwa wamelibeba kwa machela. Mtoni. Akaja mwingine na shanga. Mtoni. Nilimwona jirani yetu mmoja akiapa mbele ya watu kwamba vigae vyake vilitoka mtoni, ilhali nilikuwepo mwenyewe vilipotolewa nyuma ya jiko lake. Arap Mosonik naye alikuja na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu. Madam alikigeuza, akaona kwamba ni cha plau.

"Hiki ni cha samani?" arap Mosonik akauliza, maana z na d kwetu ni shida.

"Si sana, mzee. Lakini siku moja kitakuwa."

"Antika. Nilitoa kwa mto."

Akaandika kwa adabu ile ile. Watu hawakucheka. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake.

Tulipofika sisi, Baba aliweka bakuli mezani na kusema neno lake kabla hajaulizwa. Madam alilishika kwa mikono miwili. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu anayesalimiwa na rafiki aliyedhani amekufa. Akaligeuza, akachungulia vile vitundu, akatoa kwa ncha ya penseli chembe ya udongo mwekundu iliyokauka. Akainusa. Kisha akaniangalia mimi.

"Na wewe, ulikuwepo likitolewa?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, na kiganja chake kikatua juu ya bega langu. Hakukibana. Kilikaa tu, kizito na cha moto. Moyo wangu ulikuwa umegawanyika vipande viwili, na kila kipande kinasukuma mwenzake. Nikafungua mdomo, na badala ya jibu likatoka swali.

"Ukijua mahali, utajua walikuwa nani?"

"Bakuli likiwa peke yake linaniambia lilitengenezwa vipi," akasema. "Mahali ndipo panaponiambia ni nani."

Niliangalia ile chembe ya udongo kwenye ncha ya penseli. Machozi yalikuwa karibu. Madam akamwambia Baba, "Mtoto anafikiria. Mwache afikirie," akaandika neno la mto kama kwa wengine. Halafu akaomba ruhusa akae na bakuli mpaka Alhamisi nyingine, alichore vizuri, kwa kuwa ni la aina ambayo haionekani ovyo. Aliomba mbele ya watu, na Baba si mtu wa kukataa mbele ya watu.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Kogo alikuwa ameketi mlangoni akipukusa mahindi. Akatazama mikono yetu.

"Imeenda," akasema.

"Amesema atarudisha, Mama."

"Wale wa mnyororo pia walisema."

Juma lile lilikuwa refu. Ndama alilamba chumvi kwenye sufuria iliyotoboka na kuipiga teke. Nami kila nikitoka kuteka maji nilipitia juu, kwenye ile chai changa, nikasimama pale tulipolitoa, nikijiuliza kama nyumba yao ilikuwa hapa au pale, kama mlango ulitazama bonde, kama asubuhi walisikia baridi hii hii. Mtu aliyekaa mahali ninaposimama na nisimjue jina! Lilinikera kama jiwe ndani ya kiatu. Usiku nilimwuliza Kogo, akasema nilale.

Alhamisi ikafika, Baba akapeleka majani, akarudi peke yake. Madam hakuwepo kituoni. Gari lake halikuonekana. Kogo alitikisa kichwa taratibu, bila furaha ya kushinda, akaendelea na mahindi yake. Baba aliingia ndani akakaa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiogopa. Hakuwa anawaza bakuli. Alikuwa anawaza ile karatasi iliyo na jina lake.

Mvua ilipokatika mchana, nilikuwa uani nikaona mtu anapanda njia yetu. Mwanamke. Viatu vyake alikuwa amevishika mkononi, matope mpaka magotini, na amebeba mtoto mgongoni kwa leso. Alikuja akiteleza na kujishika kwenye ua. Alipofika karibu nikamtambua, na nikaona kwamba mtoto wake hana kichwa. Lilikuwa bakuli letu.

Gari lilikuwa limezama kwenye matope kule chini, karibu na daraja, na dereva anatafuta watu wa kusukuma. Madam Kerubo hakungoja. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba, wala haikuwa rahisi, kwa sababu watu walimjua ni nani na kila mmoja alimwonyesha njia isiyofika kwetu. Alifungua leso, akaweka bakuli juu ya jiwe la uani. "Hodi jamani," akasema, akihema. "Niliahidi Alhamisi."

Kogo alisimama. Aliliendea bakuli na kuligusa kwa mara ya kwanza tangu litoke ardhini. Akalipapasa ukingo wote, akaligeuza, akaona chini yake namba ndogo sana iliyoandikwa kwa wino. Akamtazama yule mwanamke mwenye matope.

"Mimi ni mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha soko la Sotik. "Nimeona watu wa kuantika wengi. Sijaona mmoja anarutisha."

Kisha akamwambia, "Keti, mama. Kunywa masiwa."

Mama akatoa kibuyu, akakitikisa, akamimina mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe kikubwa, ya kijivu kwa mkaa, baridi, mazito. Madam alikunywa yote bila kupumzika. Hakuuliza habari ya mahali. Aliongea juu ya mvua na bei ya chai, akamsifu ndama. Nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikimkodolea macho, kila dakika nikidhani sasa atauliza, na hakuuliza.

Ni Kogo aliyeinuka. "Njoo," akasema. Akatangulia na fimbo yake, Madam nyuma, Baba na Mama nyuma yao, nami mbele ya wote nikirudi kinyumenyume. Tulipita ndama. Tulipita migomba. Kogo aliingia kwenye chai changa, akahesabu mistari kwa midomo, akachomeka fimbo chini.

"Hapa," akasema. "Si mtoni."

Madam alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kogo, nilijua. Vitu vyote vile vingekuwa mtoni, maji yangepita wapi?"

Hata Baba alicheka. Nadhani pumzi aliyoitoa alikuwa ameishika tangu kanisani. Madam alipiga magoti, akatazama udongo, akauliza Baba kina kilikuwa kiasi gani, kulikuwa na majivu, kulikuwa na mifupa. Akaeleza kwamba ataandika jina la kilima na kijiji, wala si namba ya shamba. Halafu macho yake yakaangukia lile rundo kando ya ua.

"Na haya?"

"Chupa za arap Mosonik," Baba akajibu. "Mlevi mmoja hapa."

Madam alikwenda akaokota kigae kimoja, akakiinua kuelekea jua. Kilikuwa cheusi, na ukingo wake mwembamba ulipitisha mwanga wa kijivu. Aliniita nikishike. "Hii si chupa," akaniambia mimi, si Baba. "Ni jiwe. Walikuwa wakilichonga visu. Na huku kwenu halipo. Linatoka mbali, upande wa Naivasha. Kuna mtu alilibeba mpaka hapa."

Baba aliinama juu ya lile rundo. Nilimwona akipitia moyoni miaka yote ya kununiana, mabishano ya mpaka, na ile harusi ya kwa arap Mosonik ambayo hakuhudhuria. Jumapili iliyofuata alimpa arap Mosonik mkono kwa mikono miwili, akamwuliza hali ya ng'ombe wake mmoja mmoja. Yule mzee hakuwahi kujua alifanya jambo gani jema.

Lakini pale shambani mimi nilikuwa na yangu. Kigae kilikuwa mkononi mwangu, baridi, na maswali yote yalikuja kwa pamoja. Walikuwa Sirikwa? Huenda ni watu wa kabla hata ya hao, akasema Madam. Walitoka Naivasha kwa miguu? Inawezekana walibadilishana na wengine njiani. Walikwenda wapi?

"Hatujui vizuri," akasema. "Hakuna aliyewauliza wakati walikuwepo."

Aliitoa kalamu, akamgeukia Baba. "Niandike sasa?"

Baba akamtazama mama yake. Kogo alikuwa ameegemea fimbo, lakini hakuwa anatazama udongo wala kigae. Alikuwa anatazama ng'ambo ya bonde, kwenye ile chai ya kampuni iliyokatwa sawasawa.

"Antika," akasema. "Halafu antika na ingine."

Akainua fimbo. "Unaona ile miti mirefu? Shuka kitogo. Hapo ndio kulikuwa nyumba ya mama yangu. Mafiga yake iko hapo, chini ya chai. Mawe tatu. Tuliambiwa toka, toka haraka, na mama alisema tutaruti kuchukua."

Upepo ulipita kwenye miche. Baba alikuwa amemtazama Kogo kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na baadaye aliniambia kwamba naye hakuwahi kuonyeshwa mahali hapo hasa, kwamba walizoea kusema tu "kule".

Madam Kerubo hakusema pole. Alichukua kadi mpya, akaiweka juu ya ile ya bakuli, akaanza kuuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kituoni. Mawe yalikuwa ya rangi gani? Moja lilikuwa na ufa, Kogo akasema, na mama alikataza watoto wasilikalie. Mlango ulitazama wapi? Jua likitoka. Ng'ombe walilala upande gani? Maji mliteka wapi? Mama yako aliitwa nani? Kogo alijibu yote, pole pole, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis Kiswahili kilipoisha, akionyesha kwa fimbo, na Baba akitafsiri. Alijua mti uliokuwa nyuma ya nyumba, na jina la ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa asubuhi waliyoondoka.

Na mimi? Mimi nilikasirika. Nilimvuta Madam sketi, nikitaka turudi kwa watu wa bakuli, mpaka Mama akanifinya. Nilimwona Kogo kama mtu mzima mwingine aliyekatiza mazungumzo ya maana ili aeleze mambo ya nyumba yao. Niliingia kwenye migomba nikakaa na kigae changu, nikawaacha.

Kogo alifariki nikiwa sekondari. Watu wa makumbusho walishakuja na kuondoka, na majirani wengi, baada ya kusikia kwamba bakuli limerudi, walimfuata Madam kimya kimya na kumwonyesha mahali pa kweli. Miche ile ikawa chai, tukaichuma. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe siku niliyokuwa nikirudi nyumbani kwa mguu kutoka barabarani, nikasimama kupumzika mahali ambapo bonde lote linaonekana, nikaitafuta kwa macho ile miti mirefu. Shuka kidogo. Wanawake walikuwa wakichuma pale, wameinama, wanaongea. Nilitazama mpaka wakainuka na kuhamia mstari mwingine.

Mwaka mzima nilikuwa nimemsumbua kila mtu nikitaka kujua ni nani walikaa hapa kabla yetu, ni nani aliwaambia waondoke, na walikwenda wapi. Na aliyekuwa amekaa mahali, akaambiwa aondoke, alikuwa akilala nami kitanda kimoja, mgongo wake ukinikinga na baridi, na sikuwahi kumwuliza yeye.